Gari Mbaya ya Kwenda Katana

Juzi chupa ya mafuta ya mawese ilipasuka ndani ya buti ya gari yangu, nami sikujua mpaka kesho yake saa sita, jua likiwa limeshapiga bati vya kutosha. Nilipofungua mlango, harufu ikanivaa mzima mzima: mawese ya moto, chuma, na sponji ya viti. Mume wangu akaanza kulalamikia zulia la gari. Mimi nikakaa kwenye kiti cha nyuma, miguu nje, nikacheka hadi machozi yakatoka. Akaniuliza kama niko mzima. Nikamwambia aniache kidogo, nimefika Katana.

Ninyi wa rika langu mliokulia Bukavu wakati wa vita, sina haja ya kuwaeleza mengi. Mnakumbuka kulikuwa na miezi ya risasi na miezi ya kungojea risasi, na shule ilifungwa na kufunguliwa bila mtu kujua nani ameamua. Wakubwa walikuwa na vita vyao vya kusikiliza redioni. Mimi, mtoto wa miaka tisa, nilikuwa na jambo moja tu kichwani, nalo lilikuwa tumbo la maman.

Mwaka uliotangulia tulikuwa na jeep ya bluu. Papa alikuwa agronomu, akifuatilia mashamba ya mpunga kule Luberizi, na jeep ile ilikuwa kila kitu chetu. Siku za mwanzo za vita wanajeshi wakaja mchana kweupe, wakaichukua mbele ya lango letu pamoja na gunia la mchele lililokuwa ndani, wakamwachia Papa karatasi yenye muhuri eti ataipata baadaye. Wiki ile ile maman akashikwa na uchungu. Gari hakuna. Wanaume wa mtaa wakamlaza kwenye mkokoteni wa sokoni, wakamsukuma kupanda mlima na kushuka mlima, na walipofika hospitalini muda ulikuwa umepita. Ndugu yangu alizaliwa bila kulia. Maman alikaa siku nyingi bila kusema neno, na Papa, ambaye kabla ya hapo sauti ya kicheko chake ilisikika mpaka kwa jirani, akaacha kucheka. Sitanii, aliacha kabisa.

Kwa hiyo mimba ya safari hii ilipokuja, nyumba nzima ilitembea kwa vidole. Daktari alisema maman asithubutu kungojea uchungu nyumbani, lazima apasuliwe. Maman akasema yeye atazalia Katana tu, kwenye hospitali ya wamisionari, kwa sababu dada yake mkubwa, maman mukubwa Faida, alikuwa muuguzi huko. Papa akamwomba basi aende mapema, akangojee kule.

"Miezi mbili nzima?" maman akamjibu. "Na batoto nitabaachia nani? Basoda na bunduki zao? Utanipeleka siku yenyewe."

"Na nini? Mugongo?"

"Utafute gari."

Ndivyo tulivyokwenda sokoni Nyawera, mimi na Papa. Alinichukua kwa sababu mwanaume anayetembea na mtoto mkononi hakusumbuliwa sana njiani. Hilo nililijua baadaye, wakati ule niliamini ananipenda kuliko wadogo zangu. Nyuma ya soko kulikuwa na uwanja wa fundi mmoja, Tonton Déo, aliyesoma na Papa shule ya msingi. Watu waliokuwa wanakimbia mji walimwachia magari yao awauzie, kwa hiyo uwanja wake ulijaa kweli kweli.

Ya kwanza ilikuwa nyeupe. Mungu wangu, gari ile! Viti vilivalishwa vitambaa vya maua, na pembeni kulikuwa na mistari ya chuma iliyong'aa hadi nikajiona meno. Niliingia ndani bila kuruhusiwa, nikakaa mahali pa maman, nikafunga mlango taratibu ili nisikie unavyofunga. Papa akainamia dirishani.

"Toka, mama yangu," akasema. Aliniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Hii haitamaliza hata wiki."

Nikadhani anasema moteri ni mbovu. Nikatoka.

Ya pili ilikuwa pikapu ya milango minne. Tonton Déo akaipiga kofi ubavuni. "Hii njo mwanaume, muzee. Mulima yoyote inapanda."

"Inabeba batu wangapi?"

"Na nyuma? Hata kumi na tano!"

"Pamoja na bunduki zao," Papa akasema. "Hapana, Déo. Hiyo sitaki hata kuiangalia."

Kisha akatembea peke yake mpaka mwisho wa uwanja, karibu na ukuta, mahali ambapo kuku alikuwa ametaga mayai juu ya kiti. Naam, kiti cha gari. Kilikuwa kigari kidogo cha milango miwili, rangi yake zamani iliwahi kuwa njano. Mlango mmoja ulikuwa wa kijani, umetolewa kwenye gari nyingine. Taa ya kushoto haikuwepo, palikuwa na tundu tu. Kapo, kile kifuniko cha injini, ilifungwa kwa waya, na paa lilibonyea katikati kwa sababu mtu fulani alikuwa anaanikia mihogo pale juu. Papa akaizunguka mara mbili, na uso wake ukafunguka. Nilimwona kwa macho yangu akiipenda gari ile.

"Inawaka?" akauliza.

Tonton Déo akamfukuza kuku, akaingia, akageuza ufunguo. Gari ikakohoa, ikakohoa tena, ikanguruma.

"Frein?" akauliza, akikanyaga breki ya hewani kwa mguu.

"Iko."

"Itanifikisha Katana?"

"Itakufikisha na itakurudisha. Kiisha hapo, muzee, usiniulize kitu."

"Sitafuti ya kuzeeka nayo. Miezi mbili tu, mpaka mutoto azaliwe."

Tonton Déo alikuwa mtu wa heshima, naye aliona aibu kumwuzia rafiki yake kitu kile. "Basi unipe siku mbili," akasema. "Nitainyosha paa, nitaipaka rangi kidogo."

Papa akainua mkono. "Ukiipaka rangi, sinunui tena."

Wakaangaliana, kisha Tonton Déo akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeelewa jambo, wakapeana mikono. Mimi sikuelewa chochote. Nilirudi nyumbani nimekaa mahali pa kuku, nikijua kabisa kwamba wanajeshi walipochukua jeep waliondoka na akili ya Papa pia.

Miezi ile miwili nilikunywa aibu, jamani. Shuleni waliiita "gari ya kuku" na waliniimbia mlio wa jogoo kila nikishuka. Na Papa hakujali! Usiku aliiegesha chini ya mparachichi, ndege wakaifanyia walichotaka. Maman alipotaka kufuta kioo, Papa alimwomba aache. Sisi watoto tulipewa amri moja, mtu asiiguse gari, na hatukupewa sababu. Leo najua kwa nini. Mtoto wakati ule alikuwa mdomo wazi. Mwanajeshi akimpa biskuti njiani na kumwuliza kwenu kuna nini, angesema vyote, na mimi ndiye ningesema wa kwanza. Lakini wakati ule nilipata jibu langu mwenyewe, nalo lilinichoma: Papa hampendi tena maman. Mtu anayempenda mkewe hamtafutii gari ya namna ile ya kumpeleka kuzaa.

Tena nilikuwa na woga mkubwa zaidi. Karibu na njia yetu ya shule palikuwa na barrière ya wanajeshi, kamba tu imefungwa kwenye mapipa mawili ya mafuta. Kila siku nilitazama jinsi inavyofanya kazi. Wamama wenye mizigo na nguo zilizochakaa walisimamishwa juani, mizigo yao ikamwagwa chini. Halafu inakuja jeep ya komanda, inameremeta, na kamba inashushwa haraka, watu wanapiga saluti. Nikajumlisha mwenyewe. Gari chafu inasimamishwa, gari safi inapita. Na ikiwa maman atasimamishwa juani pale, mtoto atazaliwa bila kulia kama yule mwingine. Hesabu ilikuwa wazi kabisa, nikashangaa mtu aliyesoma kama Papa hakuiona.

Safari ilipangwa Jumatatu. Jumamosi Papa akaenda kazini, maman akalala, na mimi nikachota maji ndoo baada ya ndoo. Nilisugua gari ile kwa sabuni ya unga na brashi ya sakafu mpaka vidole vikatoka ngozi. Njano ikatokea! Kumbe muda wote ilikuwepo chini ya uchafu. Lakini ilipokauka ikawa imepauka, kama miguu yetu kabla ya misa. Na miguu yetu Jumapili maman aliitengeneza kwa nini? Mafuta ya kujipaka yalikuwa yamepotea sokoni, alitupaka tone la mawese, akafuta kwa kitambaa, tukang'aa mpaka kanisani. Nikaingia jikoni, nikachukua chupa nzima. Nilipaka mlango wa njano na mlango wa kijani, kapo, na hata lile bonde la paa. Magurudumu nikayapaka dawa ya viatu ya Papa. Kisha nikarudi nyuma hatua tano, nikatazama.

Iling'aa, nawaambia. Ingeweza kumbeba askofu. Nikaifunika kwa turubai, iwe ajabu ya Jumatatu, nikaenda kulala nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote wa Bukavu.

Mtoto hakungojea Jumatatu. Jumapili asubuhi tulikuwa tunavaa nguo za misa, maman akashika ukingo wa mlango akaita jina la Yezu. Papa akatoka mbio na begi, akavuta turubai kwa mkono mmoja. Akasimama. Jua la asubuhi lilikuwa limeipata gari sawasawa, na yeye mwenyewe ilibidi afumbe jicho.

"Nani amefanya hii?"

"Mimi, Papa," nikasema, kifua mbele. "Juu basoda batupishe."

Nilikuwa sijawahi kumwona Papa akiogopa, hata siku ile ya jeep. Sasa nilimwona. Aliangalia njia, akamwangalia maman mlangoni. Halafu akainama, akachota vumbi kwa kiganja, akalirusha juu ya kapo yangu.

Nilipiga ukelele. Ulikuwa ukelele wa kweli, majirani walitoa vichwa. Papa ameingiwa wazimu, nikajisemea, na maman anaumwa, na sisi tumekwisha. Lakini yeye hakunisikia. Alikuwa anatazama kapo. Vumbi halikuanguka. Ulikuwa msimu wa kiangazi, udongo wa uwanja wetu ulikuwa mwepesi kama unga, na kila chembe aliyorusha ilikuwa imekamata palepale. Papa akapitisha kidole, akakinusa.

"Ni mawese?"

"Ndiyo, Papa," nikasema nikilia.

"Chupa yote?"

"Ndiyo."

"Tupa, mama yangu!" akapaza sauti. "Tupa na weye! Mikono mbili! Leta majivu ya jikoni!"

Sikuelewa, lakini nilitii. Tukairushia gari udongo, Papa upande mmoja na mimi upande mwingine, bado nimevaa nguo yangu ya misa. Nikaleta majivu, tukamwaga. Kioo cha mbele tukakiachia tundu la kuonea. Maman alishuka ngazi pole pole akijishika kiuno, akatutazama, na katikati ya uchungu wake akatikisika kwa kicheko asichokitaka. "Papa ya batoto," akasema, "mimi ninazaa, munacheza udongo?"

"Ingia, bibi yangu. Ingia tuende."

Alisema "bibi yangu" kwa namna ambayo mimi, hata na akili yangu ile, nilisikia kwamba nilikosea kuhusu mapenzi. Wadogo zangu wakabaki kwa jirani. Mimi nikapanda nyuma kushika mkono wa maman, kwani mtu alihitajika.

Kabla ya kutoka mjini tukafika barrière. Mbele yetu gari nyingine ilikuwa imesimamishwa, nami niliitambua mara moja. Ilikuwa ile nyeupe ya Nyawera, vitambaa vya maua na yote. Mwenyewe mpya alikuwa amesimama kando ya njia na mkewe, miguuni pao godoro na sufuria, na kijana mwenye bunduki alikuwa ameshakaa mbele ya usukani akijaribu taa. Hawakupigwa. Walikuwa wamesimama tu, kama watu waliosahau walikokuwa wanaenda. Kitu kikazunguka ndani ya kichwa changu, nikaanza kuelewa kwa nini Papa alitaka ile mbaya kuliko zote.

Mwanajeshi wa pili akatujia. Alikuwa mrefu, miwani ya jua, unifomu imepigwa pasi. Akaizunguka gari yetu. Nilimsikia maman akikaza vidole vyangu na kuuma midomo, maana uchungu ulikuwa umerudi na hakutaka kulia pale. Mwanajeshi akafika mbele, akaegemeza kiganja chake juu ya kapo ili aongee na Papa, na kiganja kikanata.

Akakiinua, akakitazama. Kulikuwa na uji mwekundu mpaka kwenye saa yake. Akajifuta kwenye mlango, akaongeza. Akajifuta kwenye suruali, na suruali ikaharibika.

"Merde! Ni nini hii?"

"Ni moteri, chef," Papa akasema kwa unyenyekevu. "Inatapika mafuta. Inatapika fasi yote, juu na chini."

"Na munapanda hii kitu?"

"Bibi yangu iko na mimba, chef. Sina ingine."

Mwanajeshi akainama kuchungulia. Akamwona maman na jasho lake, akaniona mimi, nguo nyeupe ya misa, udongo mpaka viwikoni.

"Na hii mutoto?"

"Njo fundi yangu," Papa akasema.

Basi yule mwanajeshi akacheka, akarudi nyuma akiwa ameinua mkono wake mchafu mbali na mwili. "Mupite! Mupite mbio, mutachafua barrière yangu!"

Kamba ikashuka. Kwenye kona ya pili Papa akatoa pumzi ndefu sana, nami nikaanza kulia upya, safari hii kwa sababu ya kile nilichokaribia kutufanyia. Barrière zilizofuata hawakutugusa hata. Njia ya Katana ilituongezea vumbi lake, kila lori lililopita lilitupaka upya, na ziwa lilikuwa upande wa kulia muda wote lakini kwa madirisha yale hatukuliona.

Maman mukubwa Faida alikuwa zamuni. Alimpokea maman mikononi, wakaingia, mlango ukafungwa. Tukakaa uwanjani kwenye benchi, mimi na Papa. Yeye alikuwa anazungusha rozari bila kusali, nilimwona anapita shanga mbili mbili.

"Papa," nikasema mwishowe, "ile gari nyeupe..."

"Uliiona?"

"Niliiona. Juu ya nini haukuniambia?"

Akaishusha rozari. "Juu uko na miaka tisa," akasema, "na mudomo ya mutu muzima wa miaka quarante."

Ilikuwa kweli. Nikamwambia naomba msamaha. Akaniwekea mkono kichwani, akauacha hapo, mzito na wa moto, na ukabaki hapo mpaka maman mukubwa Faida alipotokea mlangoni na kofia yake imepinda.

"Nyamuzinda, Mungu wetu, asifiwe," akasema. "Ni binti. Analia mpaka masikio inatuuma. Na mama yake iko muzima, anauliza kama mumekula."

Papa akasimama. Nilidhani atakimbilia ndani, lakini alitembea hadi kwenye gari, akaegemeza paji la uso juu ya paa lililobonyea, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilimfuata. Mwanaume yule analia! Nikaitazama gari, udongo, majivu, mavumbi ya njia nzima, matope mekundu yakidondoka, nikafikiri basi, ndicho kinachomliza. Pembeni ya ukuta kulikuwa na bomba na ndoo ya wale wasafishaji. Nikaenda nikaijaza, nikaja nayo nikiyumba.

"Papa, usilie," nikamwambia. "Nitaiosha."

Akageuka. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa udongo, na mistari miwili misafi toka machoni hadi kidevuni. Akaiona ndoo. Na kicheko kikatoka, kile cha zamani, cha kufika mpaka kwa jirani, kwa sauti kubwa hadi sista mmoja akafungua dirisha na kuweka kidole mdomoni. Papa akaninyang'anya ndoo, akaimwaga yote kwenye majani, mbali, kisha akaninyanyua juu, mimi mtoto mkubwa wa miaka tisa.

"Usiiguse, mama yangu," akasema, akicheka na kulia. "Tungali na barrière za kurudi. Tulikuja batatu, safari hii tuko bane."